Nawiwa: Kifungo, Deni na Radhi

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri sentensi tatu za Kiingereza, zote zikiwa na neno moja ndani yake: bond. Ya kwanza ilimhusu mama na mtoto wake mchanga. Ya pili iliihusu serikali inayokopa fedha kwa wananchi wake. Ya tatu ilimhusu mshtakiwa aliyeachiwa hadi siku ya kesi. Mwanafunzi mmoja, aliyezaliwa hapa Uingereza na wazazi waliotoka Unguja, alizitafsiri zote kwa haraka na kwa usahihi: mapenzi yanayowaunganisha, hatifungani, dhamana. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimeliandalia jibu. "Mwalimu, kwa nini Waingereza wana neno moja la mapenzi na la mkopo? Na sisi tunaotumia maneno matatu, tunaona vizuri zaidi, au kuna kitu tunakificha?"

Nilimjibu kwa kumsimulia historia ya neno, maana ndivyo tufanyavyo wahadhiri tunapobanwa. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya, na safari hii siwezi kujibu bila kumtaja marehemu mjomba wangu na minazi yake.

Tuanze na neno lenyewe. Asili yake ni kitendo cha kufunga: ni ndugu wa neno la Kiingereza lenye maana ya ukanda au ugwe. Kutokana na ugwe huo zimezaliwa maana nyingi. Fundi wa kujenga hulitumia kwa namna ya kupishanisha matofali ili kiungo kisikae juu ya kiungo na ukuta usije ukapasuka. Mwanakemia hulitumia kwa nguvu inayoshikanisha atomu na atomu. Hakimu hulitumia kwa ahadi ya kurudi mahakamani, na nchini Kenya magazeti ya Kiswahili yamelipokea kama lilivyo: mtu huachiliwa kwa bondi ya shilingi kadha wa kadha. Mwenye fedha hulitumia kwa hati ya kukopeshana. Na kila mtu hulitumia kwa kile kinachomfanya mama aamke usiku kabla mtoto hajalia. Kaulimbiu ya Soko la Hisa la London, iliyoandikwa kwa Kilatini, yasema kwamba neno langu ndilo mkataba wangu, na Waingereza wakiitamka kwa lugha yao hutumia neno hili hili. Mswahili akiisikia hukumbuka kauli aliyolelewa nayo: ahadi ni deni.

Lipo jambo moja katika historia hiyo linalostahili kuzingatiwa. Kiingereza kina neno bondage, lenye maana ya utumwa, na wengi hudhani kwamba limetokana na ugwe ule ule. Sivyo. Limetokana na bóndi, neno la kale la watu wa Skandinavia, lililomaanisha mtu mwenye makazi yake, mkulima asiyekuwa chini ya bwana. Neno la Kiingereza la mume, husband, limembeba bóndi huyo ndani yake: ni mwenye nyumba. Baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, wakulima wa aina hiyo walishuka hadhi, na jina la mtu huru likaja kuwa jina la mtu aliyefungwa kwenye ardhi ya mwingine. Kwa kuwa lilifanana na neno la ugwe, masikio ya watu yakayaunganisha mawili hayo, na hadi leo hayajayatenganisha. Mtu aweza kupoteza uhuru wake hatua kwa hatua, bila hata jina lake kubadilika.

Kiswahili nacho ni hodari wa kufunga. Tunafunga ndoa, tunafunga safari, tunafunga saumu. Kifungo ni cha shati, na kifungo ni cha miaka saba jela. Hata hatifungani, neno linalosikika katika habari za uchumi kana kwamba halina damu, limebeba kufungana ndani yake. Benki Kuu ya Tanzania huuza hatifungani za serikali ambazo baadhi yake huiva baada ya miaka 25, muda wa mtoto kuzaliwa, kusoma na kuoa. Kenya nayo mwaka 2017 ilianza kuuza kwa njia ya simu hatifungani iliyoitwa M-Akiba, kuanzia shilingi 3,000, ili mwananchi wa kawaida naye aikopeshe serikali yake. Kwa hiyo si kweli kwamba Mwingereza peke yake ndiye aliyechanganya kamba na mkopo. Deni letu tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu neno hilo na neno dini huandikwa kwa herufi za mzizi mmoja.

Lakini neno linalonishughulisha zaidi ni la Kiswahili lenyewe, na vijana wengi hawalijui tena: kuwia. Nakuwia maana yake ni kwamba nakudai. Nawiwa maana yake ni kwamba nadaiwa. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamelikuta katika Waraka kwa Warumi, sura ya 13, ambapo Paulo anawataka waumini wasibaki na deni lolote isipokuwa lile la upendo. Litazame umbo lake. Ni umbo lile lile la kutendea linalotokana na kitenzi kuwa, lile tunalolisikia tunaposema "niwie radhi": uwe kwangu mwenye ridhaa. Kumwia mtu, basi, ni kuwa kwake, kuwa kwa namna inayomwelekea. Nami nikisema nawiwa, nakiri kwamba yupo mtu ambaye kuwapo kwake kunanihusu na kunanidai.

Ni fikra nzuri. Kwa muda mrefu niliiona kuwa nzuri kupita kiasi cha kuihoji.

Mwaka 2003 nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ng'ambo. Ufadhili ulilipa ada na posho, lakini haukulipa nauli wala amana ya chumba. Mjomba wangu alikuwa na minazi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Kwa desturi ya kwetu mnazi ni mali peke yake, mbali na ardhi uliposimama, na waweza kuuzwa au kuwekwa rehani bila ardhi hiyo kuguswa: mwenye fedha huangua nazi mpaka siku deni litakapolipwa. Mjomba aliiweka minazi yake rehani kwa mfanyabiashara mmoja, akanikabidhi fedha zikiwa zimefungwa kwenye leso, akaniombea dua, nikaondoka. Ilimchukua miaka minne kuikomboa, kidogo kidogo, kwa fedha za uvuvi.

Mwaka 2012, nikiwa nimemaliza uzamivu na kupata kazi, nilirudi Pangani na bahasha. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni nini?"

"Ni ile nauli, mjomba, na fedha ya chumba. Nimeongeza kidogo."

Hakuifungua. Aliigeuza mara mbili mkononi kisha akanirudishia. "Minazi nilishaikomboa zamani," akasema. "Wewe unakomboa nini?" Niliponyamaza akaendelea: "Watu wanaodaiana hulipana wakamalizana. Mimi na wewe tumalizane?"

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, mihadharani na karamuni, na wasikilizaji hutikisa vichwa kwa kuridhika. Nilikifanya ushahidi wa falsafa nzima. Kumalizana, nilisema, ndilo neno linalotufichulia siri ya deni: kulipa ni kukata. Mkopo hulenga siku yake ya mwisho, undugu hauna siku hiyo. Nilimtaja David Graeber, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya historia ya deni alieleza kwamba kinacholitenga deni na wajibu mwingine ni kwamba deni laweza kuhesabiwa kwa tarakimu. Nilimtaja Aristotle, ambaye katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako anasema kwamba mtoto hawezi kamwe kumlipa baba yake sawasawa na alichopokea, na ndiyo maana haifai mtoto amkane baba. Mjomba wangu, mvuvi wa Pangani, alikuwa amesema hayo yote kwa maneno machache zaidi.

Aliyenitia shaka ya kwanza alikuwa Shylock. Nilikuwa nikifundisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mchezo wote umejengwa juu ya hati moja: dukati 3,000, miezi mitatu, na ratili ya nyama ya Antonio ikiwa hatalipa. Tunasahau kwamba Antonio hakukopa kwa ajili yake mwenyewe. Alikopa kwa ajili ya rafiki yake Bassanio, ambaye tayari alikuwa na deni kwake. Kifungo cha mapenzi ndicho kilichozaa kifungo cha fedha. Na mahakamani, Bassanio anapotoa mara mbili ya fedha zilizodaiwa, Shylock anazikataa. Hataki tena kulipwa.

Nilisimama hapo mbele ya darasa, nikakaa kimya kidogo. Nilikuwa nimekutana na wadai wawili katika maisha yangu, mmoja kitabuni na mwingine barazani, na wote wawili walikataa kulipwa. Mmoja alikataa kwa chuki na mwingine kwa mapenzi, na tofauti hiyo ni kubwa. Tena chuki ya Shylock ilikuwa na sababu zake, kwa mateso na matusi aliyotendewa, na hukumu aliyopewa mwishoni haikuwa ya haki. Lakini kwa upande wa anayedaiwa, tendo ni lile lile. Anayekataa malipo anakushika. Antonio angeokolewa na jambo moja tu: kuruhusiwa kulipa.

Hapo ndipo sifa za deni lisilolipika zilipoanza kunisumbua. Wanahistoria wa pwani ya Kenya wameandika jinsi, katika miaka ya njaa ya karne ya 19, familia za Wamijikenda zilivyoweka watoto rehani kwa ajili ya chakula, na jinsi baadhi ya rehani hizo, pale ambapo hazikukombolewa, zilivyogeuka kuwa utumwa. Wenye kuwapokea watoto hao hawakukosa maneno ya kindugu. Mtoto alikaa nyumbani kama mmoja wa jamaa. Neno la ndugu lilikuwa jepesi kulitamka kuliko kutaja hesabu, na palipokosekana hesabu palikosekana pia siku ya kutoka. Kwa mtu aliyewekwa rehani, tarakimu ni rehema. Anayejua kiasi anachodaiwa anajua ni lini atakuwa huru.

Sisi tuishio ugenini tunalijua jambo hili kwa njia yetu ndogo. Simu hulia usiku, na upande wa pili kuna mtu ambaye hasemi kwamba anatudai. Anasema tu kwamba sisi ni ndugu. Tunatuma, tunanung'unika, tunatuma tena, na hakuna daftari la kutuonyesha kama tumevuka nusu ya safari. Wengine miongoni mwetu huliita jambo hilo mzigo, wengine baraka. Nilikuwa nikilizungumza kama mtu mwenye kudhulumiwa kidogo, mpaka mjomba alipofariki.

Sikuwahi mazishi. Mtu mmoja wa nyumbani alirekodi sauti kwa simu akanitumia, nami nikaisikiliza jikoni kwangu, mvua ikinyesha. Kabla ya jeneza kutolewa, binamu yangu, mtoto mkubwa wa mjomba, alisimama akasema yale yasemwayo kwetu kila siku ya msiba: yeyote anayemdai marehemu asimfuate marehemu, aje kwangu mimi. Kisha akawaombea watu wamwie radhi baba yake. Watu wakaitikia. Niliirudia sauti ile mara kadhaa. Nilimsikia binamu akiyachukua mabegani mwake madeni ya baba yake mbele ya watu. Mtu wa upande wangu, anayedaiwa na marehemu, alikuwa mbali na hakuitwa.

Nilikwenda Pangani kwa arobaini. Usiku, wageni walipokwisha kutawanyika, nilimwambia binamu kwamba nimekuja kutaka radhi kwa niaba ya deni ambalo baba yake alikataa nilipe. Nikamsimulia kisa cha bahasha, kwa namna ile ile nilivyozoea kukisimulia. Hakutikisa kichwa.

"Baba alikusamehe," alisema, "na alikuwa na haki ya kusamehe, maana minazi ilikuwa yake. Lakini ada yangu ilikuwa inatoka kwenye minazi ile. Mwaka ule mimi nilikuwa kidato cha pili."

Nilijua kwamba binamu hakumaliza shule. Siku zote nilidhani, au nilichagua kudhani, kwamba hakupenda masomo.

Nikasema maneno ya haraka, kwamba ningemuongezea msaada wa kila mwezi. Akanikatiza kwa upole. "Dada, usinipe msaada. Nilipe. Miaka yote hii unanitumia na mimi nasema ahsante. Nimechoka kusema ahsante kwa kitu changu."

Tangu siku hiyo nimerudi katika falsafa yangu yote kama mtu anayerudi nyumbani akakuta kufuli limebadilishwa. Mjomba hakusema uongo. Kati yangu na yeye palikuwa na kifungo ambacho kukilipa kungekuwa kukikata, na alikuwa na haki ya kukilinda. Kosa lilikuwa langu. Niliyachukua maneno mazuri ya mdai mmoja nikayafanya stakabadhi ya kujitetea mbele ya mdai mwingine, ambaye hakuulizwa chochote siku minazi ilipowekwa rehani. Nilimwita ndugu pale ambapo ningepaswa kumwita mwia. Kwa kuwa nilimwita ndugu, nilichompa kikawa hisani, na mtoaji wa hisani ndiye anayeshukuriwa.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. Lugha haituamulii. Kiingereza kimetia mapenzi na mkopo katika neno moja, na Shylock aligeuza hesabu ya fedha kuwa nyama ya mtu. Kiswahili kimetenga deni na undugu, na mimi nikajificha katika undugu ili nisilione deni. Wapo wanaodai fedha pale palipokuwa na mapenzi tu, na hao tunawatambua upesi na kuwalaani. Wapo pia, na aghalabu ndio wenye uwezo zaidi, wanaotaja mapenzi pale palipo na fedha ya mtu. Hao hatuwatambui upesi, maana maneno yao ni matamu na mara nyingi ni sisi wenyewe. Ukitaka kujua ni kifungo cha aina gani ulichonacho, usiulize moyo wako. Muulize aliye upande wa pili kama angependa kukifungua. Akisema hapana, kama mjomba, basi wiwa maisha yako yote na usione aibu. Akisema ndiyo, toa kalamu.

Tulitoa kalamu. Kurani katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote, inawataka waumini waandike deni la muda maalumu na waweke mashahidi, na binamu yangu alitaka iwe hivyo hivyo. Aliitaja ada ya miaka miwili aliyoikosa, kwa kiwango cha shule anayosoma binti yake leo. Hakuongeza kitu, ingawa nilimwambia aongeze. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari la binti huyo, wakashuhudia watu wawili wa baraza, tukapanga malipo ya miezi ishirini. Msaada wa kila mwezi ukakoma siku hiyo. Kila mwezi nilituma, na kila mwezi alijibu kwa neno moja: imefika. Hakusema ahsante, na mimi nilianza kulipenda neno lile.

Malipo ya mwisho yalikwenda mwezi uliopita. Alijibu: imefika, tumemalizana. Niliitazama simu kwa hofu, maana sikuwa nimelisahau swali la mjomba.

Jumapili iliyofuata alinipigia, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Alisema kusi imeanza kuvuma, samaki ni haba, na mnazi mmoja wa Bweni umeangushwa na upepo. Tulizungumza karibu saa nzima. Nilingoja mpaka mwisho aseme alichotaka, na hakutaka kitu.